Saa ya Kula ya Mwokoaji

Jioni ya Jumapili, tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru kuelekea Mombasa lilitumbukia bondeni kwenye Daraja la Nithi, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Anayeijua barabara ya Meru–Embu anajua jinsi inavyoshuka ghafla kufika darajani pale, na anaweza kukisia kazi ya kumbeba majeruhi kwenye machela kutoka chini ya korongo usiku. Baada ya ajali ya namna hiyo huhesabiwa waliofariki, hutajwa hospitali walikopelekwa waliojeruhiwa, na wanasiasa hutuma rambirambi. Ni nadra kuulizwa kama waliobeba machela walikuwa wamekula, saa ngapi, na kama walipata usingizi walipofika nyumbani. Swali hilo linaonekana dogo mbele ya msiba. Lakini watu hao hao, wakiwa na tumbo tupu na macho mazito, ndio wanaoitwa tena usiku unaofuata, na mikono inayotetemeka kwa njaa haifungi jeraha vizuri.

Ninaposema waokoaji nina maana pana. Wamo wazima moto wa kaunti, madereva na wahudumu wa ambulensi, wauguzi wa vitengo vya dharura katika hospitali kuu za Meru na Embu, polisi wa trafiki, watu wa Msalaba Mwekundu, na askari wa wanyamapori wanaopanda kuwatafuta wapanda milima waliokwama kwenye njia za Sirimon na Chogoria. Wamo pia wahudumu wa afya ya jamii, na wamo vijana wa bodaboda, ambao mara nyingi hufika kabla ya wote kwa sababu stejini kwao ni hatua chache kutoka barabarani. Makala haya yanawahusu wao, lakini yameandikwa zaidi kwa walio karibu nao: mke au mume wa nyumbani, mkuu wa kituo, kikundi cha kanisa kinachotaka kusaidia na hakijui kianzie wapi, na afisa wa kaunti anayepanga bajeti.

Hoja yangu ni moja: katika Meru na Embu chakula kipo, na kinachokosekana ni saa. Eneo hili linalisha wengine. Ndizi za Meru zinauzwa Nairobi. Huku juu kuna viazi, nduma, maharagwe na maziwa. Huku chini Mbeere na Tharaka kuna ndengu, kunde, mtama na wimbi. Parachichi huanguka zenyewe, na makadamia hupandwa kwa wingi, ingawa nyingi huuzwa viwandani na kuishia kwenye meza za watu wasiojua Runyenjes iko wapi. Hata hivyo mhudumu wa ambulensi anayekesha hapo katikati ya shamba hula mandazi mawili na soda saa 4 usiku, kisha sahani kubwa ya chipsi saa 9 usiku, kwa sababu ndicho kilichokuwa wazi aliporudi. Ukimpa pesa zaidi bila kubadilisha ratiba, atanunua chipsi nyingi zaidi saa ile ile.

Saa ina uzito huo kwa sababu mwili una utaratibu wake wa mchana na usiku, na utaratibu huo haujali kwamba kaunti imekupanga zamu ya usiku. Mwaka 2021 watafiti nchini Marekani waliwaweka vijana 19 wenye afya katika mazingira yaliyoigiza kazi ya usiku. Baadhi yao walikula usiku kama walavyo wafanyakazi wengi wa zamu, wengine walikula mchana tu. Sukari kwenye damu ya waliokula usiku ilipanda kwa wastani wa asilimia 6.4, na ya waliokula mchana haikupanda kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Watu 19 ni wachache na maabara si kituo cha zimamoto, kwa hiyo nisingejenga nyumba nzima juu ya utafiti huo peke yake. Lakini mwaka uliofuata ulitoka mwingine uliofanywa kwa wazima moto wenyewe, 137 wa mji wa San Diego, wanaofanya zamu za saa 24. Wote walishauriwa kula vyakula bora, kisha nusu yao wakaambiwa wabane mlo wao wote wa siku ndani ya saa 10 kwa wiki 12. Waliweza, kazi haikuharibika, na wale waliokuwa tayari na presha au sukari ya juu walipata nafuu.

Msomaji atasema San Diego ni mbali: vituo vya kule vina jiko, friji na mahali pa mazoezi, na mzima moto wa kule analipwa mshahara ambao mwenzake wa Embu hawezi kuuota. Ni kweli. Ila kilichojaribiwa pale hakikuwa friji. Kilikuwa ratiba ya kula, na ratiba haina bei. Kama mtu mwenye kila kitu alihitaji kupangiwa saa za mlo ndipo afya yake itengemae, mtu anayekula kwa kuvizia kibanda anahitaji hivyo hata zaidi.

Tena kinachoogopwa si unene wa tumbo. Utafiti wa mwaka 2007 uliochunguza vifo vya wazima moto wa Marekani wakiwa kazini ulionyesha kwamba karibu nusu ya vifo hivyo vilitokana na maradhi ya moyo, si moshi wala kuta zilizoanguka. Kuzima moto kwenyewe kulikuwa sehemu ndogo sana ya muda wao wa kazi, baina ya asilimia 1 na 5, lakini karibu theluthi moja ya vifo vya moyo vilitokea wakati huo. Mtu amekaa, simu inalia, anaruka na mzigo mgongoni, na moyo ambao umelelewa kwa chumvi, mafuta na usingizi wa vipande vipande unadaiwa kazi yake yote kwa dakika mbili. Hilo linamhusu yeyote anayetoka kwenye kiti hadi kwenye mbio, awe amevaa helmeti ya zimamoto au ya bodaboda.

Basi mlo wa anayekesha upangwe hivi. Anayeingia zamu saa 12 jioni ale mlo wake mkubwa saa 10 au saa 11 jioni, nyumbani, ameketi. Hapa ndipo familia ina nguvu kuliko kaunti. Nyumba nyingi hupika chakula cha usiku saa 2, wakati mwenye zamu ameshaondoka, na yeye hubebewa kiporo au hupewa shilingi mia mbili za kujinunulia chakula. Kuinjika sufuria saa tatu mapema zaidi kwa siku zake za zamu kunagharimu mpangilio tu. Sahani yenyewe haihitaji miujiza. Githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi, mboga za kijani kama terere, managu au sukuma wiki, na kipande cha parachichi, ni chakula kamili. Mahindi na maharagwe yakikutana, kila kimoja hujaza upungufu wa protini ya mwenzake, na wazee waliokula githeri miaka yote hawakuhitaji mtu wa maabara kuwaambia. Ndengu na chapati moja, au mukimo na samaki au yai, vinafanya kazi hiyo hiyo.

Kuna pingamizi dhidi ya githeri ambalo watu hulitaja kwa kicheko, nami nalichukua kwa uzito: inajaza gesi, na hakuna anayetaka kushuka korongoni tumbo likinguruma. Dawa yake ni ya jikoni. Maharagwe yaloweshwe usiku kucha na maji hayo yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya hadi yaive kabisa, na siku za zamu zitumike ndengu au kamande, ambazo huwasumbua watu kidogo kuliko maharagwe. Asiyeweza kabisa aile githeri siku za mapumziko.

Kuanzia saa 4 usiku hadi alfajiri, ale kidogo au asile. Simwambii mtu akeshe na njaa. Anayebeba watu akizimia naye atabebwa. Ninasema kitafunwa, si mlo: ndizi mbivu na konzi ya njugu, yai la kuchemsha, kikombe cha uji wa wimbi usio na sukari nyingi, kipande cha nduma au kiazi kitamu, maziwa lala. Wimbi una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine tunazokula, na uji ukiwekwa kwenye thamosi saa 12 jioni bado ni wa moto saa 7 usiku. Wali au nyama iliyokaa kwenye bakuli tangu mchana bila friji iachwe. Kuhara na kuumwa tumbo ndani ya ambulensi ni balaa juu ya balaa. Njugu zenye ukungu au zilizokunjamana zitupwe pia, kwa sababu sumukuvu haiondoki kwa kukaanga, na mikoa ya Mashariki na Kati ilizika watu 125 mwaka 2004 kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mwenye zamu akitoka asubuhi, apate kifungua kinywa chepesi kisha alale. Sahani kubwa saa 2 asubuhi kisha kitandani ni kosa lile lile limegeuzwa upande.

Chai nayo tuisemee, kwa sababu tunaishi katikati ya majani chai. Chai ya maziwa haina ubaya, lakini ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na mboga yasiingie mwilini. Kwa wahudumu wanawake, ambao upungufu wa damu huwapata zaidi, ni busara chai isubiri kama saa moja baada ya mlo, na badala yake sahani iwe na chungwa, pasheni au nyanya mbichi, ambazo husaidia chuma kuingia. Kahawa na chai kali zikome katikati ya zamu. Anayetoka saa 12 asubuhi akanywa kikombe cha mwisho saa 10 alfajiri, asishangae akilala na macho wazi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi huliruka wakiandika kuhusu afya ya Meru na Embu. Miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere ndivyo vinavyokesha na watu wengi wa usiku, madereva wakiwa wa kwanza. Sitahubiri. Zao hili limesomesha watoto, limejenga nyumba, na kila linapoguswa watu hupata hasara. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, mji wa Maua uliona pigo. Gavana wa Mombasa alipopiga marufuku muguka Mei 2024, Mahakama Kuu ya Embu ilisitisha amri hiyo kwa muda, na ubishi ukawa wa nchi nzima. Kwa hiyo anayesema tuache kuitaja kwa kuwa ni uchumi wetu ana sababu ya kuogopa. Lakini kuuza kitu ni jambo moja, na kukigeuza kuwa chakula cha usiku cha mtu anayeendesha ambulensi ni jambo jingine. Kahawa pia ni uchumi wetu, na hakuna anayemshauri mtu anywe birika zima akalale.

Miraa ina kemikali iitwayo kathinoni. Huondoa usingizi, huongeza mapigo ya moyo, hupandisha presha na hukata njaa. Mtafunaji hasikii tumbo, hivyo usiku mzima hali chakula cha maana, ila sukari ya soda, bigijii na njugu za kusindikiza. Asubuhi dawa ikiisha, mwili unadai vyote kwa pamoja, na njaa na usingizi vinagombania saa zile zile chache. Akirudi zamu jioni amechoka kuliko jana, na dawa ya uchovu anaijua iko wapi. Kosa kubwa ni kudhani kwamba kutosinzia ni sawa na kutochoka. Miraa huficha uchovu, haiuondoi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi za umakini vibaya kama mtu ambaye tayari amekunywa pombe kiasi. Mtafunaji anaweza kuwa katika hali hiyo huku akijiona mwepesi, na barabara ya Chuka ina kona za kutosha kumsahihisha.

Ushauri wangu kwa mkuu wa kituo ni asianze na marufuku, kwa sababu marufuku itawafundisha watu kuficha tu. Aanze kwa kuondoa sababu. Awe na kitanda kimoja kisafi na ruhusa iliyo wazi ya kulala dakika 20 hadi 30 kwa zamu pale kunapokuwa kimya, mwenzake akiwa kwenye redio. Taa ya chumba izimike. Uji uwepo. Anayetafuna ale kwanza kabla ya kuanza, na anayesikia moyo ukimwenda mbio au anayejijua ana presha asiguse kabisa. Hayo yakishakuwepo, kanuni kwamba dereva wa zamu hatafuni akiwa kazini itakuwa na miguu ya kusimamia.

Maji yanasahaulika kwa sababu nyanda zetu za juu ni baridi. Lakini kaunti hizi zina hali mbili za hewa. Anayeitwa kutoka mji wa Embu kwenda Siakago au Ishiara anashuka kwenye joto ndani ya muda mfupi, akiwa na nguo nzito na bila chupa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maji safi ya kunywa, kwa hiyo dumu la lita 20 ndani ya gari si hisani ya mtu. Huko juu mlimani tatizo hugeuka. Moto ulipounguza misitu na nyika za Mlima Kenya Machi 2012, vita vilichukua siku nyingi, na kazi ya namna hiyo, kwenye mwinuko ambao hewa ni nyepesi, hula nguvu za mwili huku ikiua hamu ya kula. Mtu asingoje kusikia njaa. Apewe chakula kwa saa: viazi vitamu vilivyochemshwa, njugu, makadamia, maji yenye chumvi kidogo na sukari, kila baada ya saa mbili. Wanaojitolea kutoka vyama vya jamii vya misitu wahesabiwe kwenye mgao huo tangu mwanzo, wasije wakawa wanatazama walioajiriwa wakila.

Kuhusu moyo wa ndani, yaani yale mtu anayobaki nayo baada ya kuokota mtoto barabarani, nitasema kwa ufupi. Desturi ya kuwakusanya wote kesho yake na kumlazimisha kila mmoja asimulie alichoona haina ushahidi wa kuzuia madhara, na Shirika la Afya Duniani halishauri kikao kama hicho. Linashauri msaada wa kwanza wa kisaikolojia: mtu ahakikishiwe usalama, apate chakula na mapumziko, asikilizwe akitaka kusema, na aunganishwe na wataalamu iwapo baada ya wiki kadhaa bado anaota ndoto zile zile, anakunywa kuliko zamani, au amenyamaza mno. Angalia kwamba chakula kimo kwenye orodha hiyo. Sahani ya moto iliyowekwa mbele ya mtu bila maswali ni sehemu ya tiba hiyo, na nyumba yoyote inaiweza.

Pingamizi la mwisho ni la pesa na wajibu: kwamba huduma za ambulensi na zimamoto ni kazi ya kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba, hivyo kanisa na jirani wakianza kulisha, kaunti itakaa ikunje mikono. Hofu hiyo ni halali. Kila kaunti inapojaza mafuta ya gari huandika kwenye bajeti, na dereva haombi petroli kanisani. Mlo wa zamu ungestahili mstari wake kando ya ule wa mafuta, na wakazi wanaohudhuria vikao vya bajeti wana haki ya kuuliza uko wapi. Lakini kaunti ikilipa vyote, bado kuna watu ambao hawamo kwenye orodha yake ya mishahara. Mhudumu wa afya ya jamii hupewa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Mwenye bodaboda hapewi hata hiyo, na saa alizozitumia kubeba majeruhi ni saa ambazo hakuingiza nauli. Kwao msaada wa jirani hauchukui nafasi ya serikali, kwa sababu serikali haikuwepo hapo. Kikundi cha akina mama wa kanisa kinachotaka kusaidia kisilete keki siku ya kumshukuru mzima moto mara moja kwa mwaka. Kiulize kituo kina zamu ngapi na saa ngapi, kisha kichukue siku moja ya juma, sufuria moja ya githeri saa 11 jioni na thamosi mbili za uji, kwa miezi mitatu, halafu kiangalie kama kinaweza kuendelea. Stejini pawe na duka moja linaloaminika ambalo limelipwa mapema ili kijana aliyetoka kwenye ajali apate maziwa, mayai na maji bila kutoa pesa.

Na vipimo visisahaulike. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wakenya wazima walikuwa hawajawahi kupimwa presha. Inachekesha kidogo, na inasikitisha zaidi, kwamba mashine ya kupima imo ndani ya ambulensi, na nyingine imo kwenye mkoba aliopewa mhudumu wa afya ya jamii. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, kabla ya kukabidhiana zamu, wapimane wao kwa wao, na vijana wa steji iliyo karibu waitwe pia. Kila mtu awe na daftari lake dogo la tarehe na tarakimu. Anayeandika 140 kwa 90 au zaidi mara mbili, siku mbalimbali, aende hospitali juma hilo hilo, na mkuu wa kituo ampange zamu ya mchana hadi atakaporudi na jibu la daktari.